Kupunguza Chenga katika Picha za Dijitali: Somo kutoka Mapango ya Michoro ya Kondoa

Kila mtu aliyepata kupiga picha kwa simu ya mkononi wakati wa jioni, mwanga ukiwa hafifu, ameliona jambo hili: picha ikikuzwa, ukuta ambao macho yaliuona kuwa wa rangi moja huonekana umetapakaa vidoadoa vyekundu, vya kijani na vya buluu ambavyo havikuwapo kabisa ukutani. Watazamaji wa televisheni wamezoea kuviita vidoa vya namna hii chenga, neno ambalo pia ni jina la punje za mchele zilizovunjika. Wahandisi wa elektroniki huviita kelele, kwa sababu huivuruga ishara ya picha kama makelele ya sokoni yanavyoyavuruga mazungumzo ya watu wawili. Katika somo hili tutatumia neno chenga.

Katika picha ya harusi chenga ni kero ndogo. Lakini zipo picha ambazo kazi yake ni kutoa ushahidi, na mfano mmoja mzuri tunao hapa katika uwanda wa kati wa nchi yetu. Katika wilaya ya Kondoa, mkoani Dodoma, kwenye miteremko inayoelekea Bonde la Ufa, yapo mapango mengi yaliyo wazi ambayo kuta zake zina michoro ya kale ya watu na wanyama. Mary Leakey pamoja na mumewe Louis Leakey walifanya kazi kubwa ya kuinakili kwa mkono mwaka 1951, na kitabu cha Mary Leakey juu ya michoro hiyo kilichapishwa mwaka 1983. Mwanaakiolojia wa Kitanzania, Fidelis Masao, alichapisha mwaka 1979 kitabu chake juu ya Zama za Mawe za mwisho na michoro ya miambani ya Tanzania ya kati. Mwaka 2006 eneo hilo, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 2,336, liliandikishwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia.

Michoro mingi kati ya hiyo, hasa ile ya rangi nyekundu yenye mistari myembamba, imefifia. Vumbi, jua na maji yanayotiririka juu ya mwamba huendelea kuifuta. Siku mtafiti atakapotaka kujua kama mstari fulani wa mkono au wa kichwa ulikuwapo wakati wetu, shahidi wake atakuwa picha. Ikiwa picha hiyo imejaa chenga, shahidi huyo hataweza kusema lolote la kuaminika: hatajua lipi ni rangi ya mchoraji wa kale na lipi ni doa lililozaliwa ndani ya kamera. Kwa hiyo hatuna budi kufahamu chenga zinatoka wapi, na kuzipunguza kabla ya picha kuhifadhiwa.

1. Jinsi kihisi kinavyopokea picha

Mahali palipokuwa na filamu katika kamera za zamani, kamera ya dijitali ina kihisi, yaani kibamba cha silikoni kilichogawanywa katika vijumba vidogo sana viitwavyo pikseli. Kihisi cha simu ni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, lakini kina mamilioni ya pikseli.

Mwanga hufika kwa vipande vidogo ambavyo havigawanyiki, viitwavyo fotoni. Fotoni inapopiga silikoni inaweza kuing'oa elektroni moja mahali pake. Elektroni zilizong'oka hukusanywa katika kila pikseli kwa muda wote ambao kilango cha kamera kimefunguliwa. Kilango kikifungwa, kiasi cha elektroni katika kila pikseli hupimwa na kuandikwa kwa tarakimu. Picha ya dijitali, basi, ni daftari la hesabu: kila pikseli imeandikiwa kiasi cha mwanga ilichopokea.

Kihisi cha aina ya CCD kilibuniwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith katika maabara za Bell nchini Marekani, na mwaka 2009 wawili hao walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi hiyo. Katika miaka ya 1990 Eric Fossum na wenzake waliendeleza kihisi cha aina ya CMOS, ambacho ndicho kimo katika simu na kamera nyingi za leo. Aina zote mbili hupokea mwanga kwa njia ile ile tuliyoieleza.

2. Chanzo cha kwanza: mwanga wenyewe

Watu wengi hudhani kwamba chenga ni dalili ya kamera mbovu. Sivyo. Chanzo kikubwa cha chenga katika picha za kawaida ni namna mwanga unavyofika.

Tuchukue mfano wa mvua. Mkulima wa Bahi amepanga uani vikombe mia moja vya ukubwa ule ule, na manyunyu yameanza. Baada ya muda mfupi anahesabu na kukuta kwamba, kwa wastani, kila kikombe kimepata matone 9. Je, kila kikombe kina matone 9 hasa? La. Vingi vitakuwa na matone kati ya 6 na 12, na vichache vitakuwa nje ya mipaka hiyo. Kosa halimo katika vikombe, kwa sababu vyote ni sawa. Matone huanguka bila mpango, kila tone kwa bahati yake.

Sasa mvua inaendelea kunyesha hadi wastani ufike matone 900. Vikombe vingi vitakuwa na matone kati ya 870 na 930. Tofauti baina ya vikombe imekua kutoka 3 hadi 30, lakini wastani umekua kwa kasi zaidi. Mwanzoni tofauti ilikuwa theluthi moja ya wastani. Sasa ni sehemu moja tu kati ya thelathini. Manyunyu huacha uwanja wenye madoadoa, hali mvua nzito huulowesha uwanja wote sawasawa.

Kutokana na mfano huu tunapata kanuni ya kwanza: mwanga ukihesabiwa kwa fotoni, kiasi cha chenga ni sawa na kipeuo cha pili cha idadi ya fotoni zilizopokewa. Kipeuo cha pili cha 9 ni 3, na cha 900 ni 30. Kanuni hii haiwezi kukwepwa na kiwanda chochote, maana ni tabia ya mwanga.

Hebu tuitumie katika mapango ya Kondoa. Tuseme ndani ya pango mwanga ni hafifu, na mwamba mtupu unatoa elektroni 100 katika kila pikseli. Mstari uliofifia unarudisha mwanga pungufu kwa asilimia 5 tu, kwa hiyo unatoa elektroni 95.

(a) Tofauti kati ya mwamba na mstari ni elektroni 5.
(b) Chenga ni kipeuo cha pili cha 100, yaani elektroni 10.

Tofauti tunayoitafuta ni nusu ya chenga. Mstari umezama.

Sasa tuseme tumekusanya mwanga mara 100 zaidi. Mwamba unatoa elektroni 10,000, na mstari 9,500. Tofauti ni 500, na chenga ni 100. Tofauti imekuwa mara 5 ya chenga, na mstari unaonekana bila shaka. Msomaji aangalie vizuri: tumeongeza mwanga mara 100, lakini usafi wa picha umeongezeka mara 10. Hiyo ndiyo bei ya kipeuo cha pili.

3. Chanzo cha pili: joto

Elektroni inaweza pia kung'olewa na joto la silikoni yenyewe, hata kama hakuna fotoni iliyofika. Elektroni za joto hukusanyika pamoja na zile za mwanga, na kamera haiwezi kuzitofautisha. Mtiririko wake huitwa mkondo wa giza, kwa sababu huendelea hata kamera ikiwa imefunikwa gizani.

Mkondo wa giza huongezeka upesi sana joto linapopanda. Katika silikoni huwa takriban maradufu kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 6 hadi 8 za sentigredi. Tuseme pikseli moja inazalisha elektroni 1 kwa sekunde kihisi kikiwa na nyuzi 25, na kwamba mkondo huwa maradufu kila nyuzi 7. Kihisi kikifika nyuzi 39, mkondo utakuwa elektroni 4 kwa sekunde. Katika picha ya sekunde 10, elektroni za joto zitakuwa 40 badala ya 10.

Katika picha inayochukua sehemu ndogo ya sekunde, elektroni hizo ni chache mno kuonekana. Lakini katika picha za sekunde nyingi, zinazohitajika mahali penye giza, hazipuuziki. Kwa sababu hiyo wanajimu wengi hupoza vihisi vya darubini zao kwa baridi kali, wengine wakitumia nitrojeni ya kimiminika. Sisi hatuhitaji kufika huko. Yatosha kukumbuka kwamba kamera iliyoachwa juu ya jiwe katika jua la Oktoba au Novemba la Dodoma inaanza kazi ikiwa na hasara.

4. Chanzo cha tatu: usomaji

Elektroni zikisha kukusanywa lazima zipimwe. Chaji yake ni ndogo mno, hivyo hupitishwa katika transista zinazoikuza, na kila hatua ya umeme huongeza makosa madogo. Makosa hayo ndiyo kelele ya usomaji. Zamani yalifikia makumi ya elektroni kwa kila pikseli. Katika kamera nyingi za leo yameshuka hadi elektroni chache tu.

Maendeleo hayo yalipatikana kwa njia ambayo wafanyabiashara wa nafaka wanaijua. Katika soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, mtu anayetaka uzito wa kweli wa mahindi hana budi kuupima mfuko mtupu kwanza, kisha kuupima ukiwa na mahindi, halafu kutoa. Hata kama mizani yenyewe imeanza juu ya sifuri, kosa hilo limo katika vipimo vyote viwili, nalo huondoka katika kutoa. Katika kihisi, kila mara pikseli inapomwagwa ili ianze upya, hubaki na kiasi kidogo cha umeme kisichojulikana. Mwaka 1974 Marvin White na wenzake walieleza njia ya kupima mara mbili: kwanza pikseli ikiwa tupu, kisha ikiwa na chaji ya mwanga, na kutoa kipimo cha kwanza kutoka cha pili. Njia hiyo hutumika katika vihisi hadi leo. Kisha mwaka 1980 Nobukazu Teranishi wa Japani alibuni muundo wa pikseli unaoiwezesha kumwaga chaji yake yote bila kubakiza, na pia kupunguza mkondo wa giza. Mwaka 2017 Teranishi, Fossum, Smith na Michael Tompsett walitunukiwa pamoja Tuzo ya Malkia Elizabeth ya Uhandisi kwa kazi zao katika vihisi vya picha.

Hapa yafaa kuondoa dhana moja potofu. Kamera ina kipimo cha ISO, na wengi huamini kwamba kukipandisha ni kuongeza mwanga. ISO haileti hata fotoni moja. Kazi yake ni kukuza ishara iliyokwisha kupokewa, kama spika inavyoikuza sauti ya msemaji pamoja na kikohozi chake. Picha ya ISO kubwa huwa na chenga kwa sababu mpigaji ameridhika na mwanga kidogo.

5. Tofauti za kudumu

Chenga tulizozieleza hubadilika toka picha moja hadi nyingine. Zipo nyingine zisizobadilika. Pikseli si mapacha kamili: moja huitikia mwanga zaidi kidogo kuliko jirani yake, na nyingine ina mkondo wa giza mkubwa kupita kiasi, hata ikaonekana kama nukta nyeupe mahali pale pale katika kila picha. Tofauti hizi ni rahisi kuzitambua, kwa kuwa hujirudia, na kile kinachojirudia chaweza kupimwa na kuondolewa.

6. Utaratibu wa kufuata mbele ya mwamba

Mpigaji picha za michoro ya miambani anayo bahati moja kubwa: mwamba hauondoki. Ndege huruka na mtoto hugeuza kichwa, lakini mchoro hukaa pale pale kwa saa nzima. Maana yake ni kwamba, tukikosa mwanga mwingi, twaweza kuukusanya kwa muda mrefu. Utaratibu ufuatao umejengwa juu ya bahati hiyo.

Kwanza, ruhusa na heshima. Michoro ni mali ya taifa inayolindwa na sheria, na baadhi ya mapango, kama lile la Mungomi wa Kolo, ni mahali pa matambiko ya wenyeji. Mpigaji apate kibali cha wahusika na afuatane na mwongozaji. Asiuguse mchoro, wala asiulowanishe kwa maji ili rangi ikolee. Desturi hiyo mbaya ilitumiwa na baadhi ya wapigapicha wa zamani, nayo huharibu uso wa mwamba na rangi yenyewe. Mstari unaokolezwa kwa maji leo huenda usionekane kabisa kesho. Somo hili lote ni njia ya kupata ukolevu huo bila kuugusa ukuta.

Pili, kamera ikae imara. Ifungwe juu ya stendi ya miguu mitatu, na kilango kifunguliwe kwa saa ya kuchelewesha ili kidole kisiitikise.

Tatu, ISO ishushwe na muda urefushwe. Tuseme kamera ya mkononi ingepiga picha kwa ISO 3200 katika muda wa sehemu moja ya 60 ya sekunde. Tukishusha ISO hadi 100, tutahitaji mwanga mara 32 zaidi, yaani muda wa karibu nusu sekunde. Kipeuo cha pili cha 32 ni takriban 5.7, kwa hiyo picha itakuwa safi kwa zaidi ya mara 5. Hata hivyo pikseli ina ujazo wake, na ikifurika habari zote za mahali hapo hupotea. Mpigaji aangalie grafu ya mwanga katika kamera na kuhakikisha kwamba haikugonga ukingo wa upande wa mwanga mwingi.

Nne, zipigwe picha nyingi za mahali pale pale. Tukipiga picha 16 bila kuisogeza kamera, kisha kompyuta ikachukua wastani wa kila pikseli, chenga za kubahatisha hupungua kwa kipeuo cha pili cha 16, yaani mara 4. Pamoja na hatua ya tatu tumekusanya mwanga mara 512, na usafi umeongezeka zaidi ya mara 22. Kazi hii ifanywe upesi, wakati ambapo jua haliingii pangoni moja kwa moja, ili mwanga usibadilike baina ya picha ya kwanza na ya mwisho.

Lakini kila picha isipigwe kwa muda mfupi mno. Kelele ya usomaji hulipwa kila mara kihisi kinaposomwa. Tuseme kelele hiyo ni elektroni 3. Picha moja yenye elektroni 64 itakuwa na chenga kiasi cha kipeuo cha pili cha 64 + 9, yaani elektroni 8.5. Tukizikusanya elektroni hizo hizo 64 kwa picha 16 za elektroni 4, chenga itakuwa kipeuo cha pili cha 64 + 144, yaani elektroni 14.4. Mwanga ni ule ule, bali tumelipa ushuru mara 16. Kwa hiyo kila picha na ipewe kwanza mwanga wa kutosha, ndipo idadi iongezwe.

Tano, kamera ikingwe na joto. Ikae kivulini, na ipumzishwe baina ya picha ndefu. Kioo cha kutazamia kizimwe kisipohitajika, maana kukiwasha kwa muda mrefu hukipasha kihisi moto.

Sita, zipigwe picha za giza na picha za ukuta mweupe. Picha za giza hupigwa lenzi ikiwa imefunikwa, kwa muda ule ule na joto lile lile la picha za mchoro. Picha za ukuta mweupe hupigwa mbele ya karatasi nyeupe inayopata mwanga sawasawa. Za kwanza huonyesha nukta za joto, nazo hutolewa katika picha ya mchoro. Za pili huonyesha ni pikseli zipi zinaitikia kupita wenzake, nazo hutumika kusawazisha. Kila aina ipigwe mara nyingi na kuchukuliwa wastani, kwa sababu picha moja ya giza nayo ina chenga zake, na kuitoa ni kuziongeza chenga hizo katika mchoro.

Saba, picha zihifadhiwe zikiwa ghafi. Faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384 za mwanga. Faili la JPEG lina ngazi 256 kwa kila rangi, na tena hubanwa kwa kutupa habari ndogo ndogo. Katika michoro iliyofifia, habari hizo ndogo ndizo tulizozifuata.

7. Tahadhari juu ya kusafisha kwa kompyuta

Msomaji ataweza kuuliza: kwa nini tujitaabishe hivyo, hali zipo programu zinazoondoa chenga kwa kubonyeza mara moja? Jibu tunalipata kwa hesabu.

Njia rahisi ya programu hizo ni kuchukua wastani wa pikseli 9 zilizo jirani, yaani tatu kwa tatu. Turudi kwa mstari wetu wa kwanza, wenye tofauti ya elektroni 5 na chenga za elektroni 10, na tuseme upana wake ni pikseli moja. Wastani wa pikseli 9 utapunguza chenga mara 3, kutoka 10 hadi 3.3. Lakini katika pikseli hizo 9, ni 3 tu zilizo za mstari. Nyingine 6 ni za mwamba mtupu. Tofauti nayo itapungua mara 3, kutoka 5 hadi 1.7. Bado ni nusu ya chenga. Picha imekuwa laini na ya kupendeza macho, bali kwa upande wa mstari huo hatukupata chochote.

Programu mpya za simu ni werevu zaidi. Kwanza simu nyingi huchukua picha kadhaa kwa haraka na kuziunganisha wakati wa usiku, na hiyo ni kanuni ile ile ya wastani tuliyoieleza. Lakini nyingi huendelea zaidi, zikakisia jinsi mwamba, ngozi au jani linavyopaswa kuonekana, kisha zikajaza makisio hayo mahali pa chenga. Kwa picha ya nyumbani hakuna dhara. Kwa picha ya ushahidi ni hatari, maana programu yaweza kulaza mwamba pale ambapo mchoraji alipitisha mstari, na hakuna atakayejua.

Ipo pia programu iitwayo DStretch, iliyotengenezwa na Jon Harman wa Marekani na kutolewa mwaka 2005, ambayo hutumiwa na watafiti wa michoro ya miambani katika nchi nyingi. Hutanua tofauti ndogo za rangi hata wekundu usioonekana kwa macho ukajitokeza wazi. Msingi wake ni mbinu iliyowahi kutumiwa kuchambua picha za setilaiti. Chombo hiki ni cha thamani kubwa, lakini hakijui lipi ni rangi na lipi ni chenga: hutanua vyote viwili. Picha iliyopigwa ovyo ikitiwa humo huwa uwanja wa vidoa vya rangi kali, ambamo mtu mwenye shauku aweza kuona umbo lolote analolitaka. Picha iliyokusanywa kwa mwanga wa kutosha hutoa mistari. Kwa hiyo utaratibu wa sehemu ya sita ndio unaoifanya programu hiyo iaminike.

Vyovyote vile, faili ghafi za asili zisifutwe. Programu za miaka ijayo zitakuwa bora kuliko za leo, lakini hazitaweza kurudisha fotoni ambazo hatukuzikusanya.

8. Mahali ambapo mwanga hauongezeki

Si kila mahali muda mrefu unawezekana. Kamera zinazotegwa porini usiku kuhesabu wanyama haziwezi kufungua kilango kwa sekunde nzima, kwa sababu mnyama hatasimama. Hapo hutumika lenzi yenye tundu kubwa, kihisi kipana na taa ya miali ya infraredi. Katika hospitali, picha ya eksirei nayo hufuata kanuni ile ile ya kipeuo cha pili, lakini kuongeza miali ni kuongeza madhara kwa mgonjwa. Kwa hiyo daktari na fundi huchagua kiwango kidogo cha miali kinachotosha kuonyesha ugonjwa, na kuvumilia chenga zilizobaki. Ukilinganisha na hao, mwamba wa Kondoa ni mgonjwa mvumilivu kuliko wote.

Muhtasari

Chenga zina vyanzo vinne: bahati ya fotoni, joto la kihisi, makosa ya usomaji na tofauti za kudumu za pikseli. Ya kwanza hushindwa kwa kukusanya mwanga mwingi, ya pili kwa kivuli na mapumziko, ya tatu kwa kihisi kizuri na picha zisizo fupi mno, na ya nne kwa picha za giza na za ukuta mweupe. Kompyuta ni msaidizi mwema wa kuchukua wastani na kutoa kile kilichopimwa. Kompyuta inayokisia haifai kuandika kumbukumbu. Walimu na wanafunzi wa shule zetu wenye kamera ya kawaida na stendi wanaweza kuanza mazoezi kwa ukuta wa darasa, ili siku watakapopata kibali cha kuingia katika mapango wawe wamekwisha kuijua kazi.

Maswali ya kujipima

1. Pikseli imepokea elektroni 2,500 za mwanga. Chenga inayotokana na fotoni ni kiasi gani, na ni sehemu gani ya ishara?
2. Mpigaji anataka kupunguza chenga za kubahatisha mara 5 kwa wastani wa picha nyingi. Apige picha ngapi?
3. Mkondo wa giza huwa maradufu kila nyuzi 7. Kihisi kimepanda kutoka nyuzi 25 hadi 46. Mkondo umekua mara ngapi?
4. Kwa nini wastani wa picha 16 hauondoi nukta nyeupe inayotokea mahali pale pale katika kila picha?

Majibu: (1) Elektroni 50, yaani sehemu moja ya hamsini. (2) Picha 25. (3) Mara 8. (4) Kwa sababu nukta hiyo imo katika picha zote 16, kwa hiyo imo pia katika wastani wake. Huondolewa kwa kutoa picha ya giza.